Tuta la Mwisho

Jembe liligusa kiazi, Mama Pacha akalirudisha nyuma. Mtikisiko wa mpini ulimwambia ni kikubwa. Akatazama kulia na kushoto, akakifukia kwa kisigino, kisha akaweka juu yake bonge jekundu la udongo liwe alama, kama alivyofanya kwa vingine.

"Shoga, mbona tuta lako limekonda hivyo?" jirani yake alimtania. "Viazi vimekukimbia?"

"Vimeniona sura vikajificha."

Walicheka chinichini. Kila mmoja alikuwa akifanya hivyohivyo. Shamba hili halikuwa na malipo mengine mwisho wa msimu. Wanawake walichimba, wakajaza magunia ya mwenye shamba, na gari likishaondoka waliingia tena na vikapu: kilichoachwa na jembe kilikuwa chao. Ndivyo alivyotaka marehemu mzee. Sasa shamba lilikuwa la mwanawe.

Nyumbani unga uliisha juzi. Asubuhi Mama Pacha alimkuta mtoto mmoja akilamba mwiko mkavu, mwenzake akingoja zamu.

"Leo mtakula mpaka mshindwe kuinama," aliwaambia, akaja nao.

Gari lilipoondoka, wanawake walisogea kwenye uzio wa waya. Msimamizi akanyoosha mkono.

"Hapohapo, mama zangu. Mwaka huu kuna wanaotangulia."

Lango la upande wa pili likafunguliwa. Nguruwe wa bosi wakatoka mbio, pua chini.

"Mwanangu, na sisi je?" aliuliza jirani.

"Bosi anawashukuru sana. Chakula cha mifugo kimepanda bei, mama. Hawa wakishiba, mtaokota kitakachobaki."

"Wakishiba? Wewe ushawahi kumwona nguruwe aliyeshiba?"

"Mimi nimetumwa tu."

Mama Pacha hakuwa anawasikiliza tena. Nguruwe jike mkubwa alikuwa amefika kwenye tuta lake. Alisukuma bonge la kwanza kwa pua, akafukua, akatafuna bila haraka. Akaenda la pili. La tatu.

Mama Pacha akapenya chini ya waya. Blauzi ikachanika mgongoni. Alikimbia akijikwaa kwenye matuta mpaka kwenye bonge la mwisho, akasimama juu yake kwa miguu yote miwili.

"We mama! Toka!" Msimamizi hakusema tena mama zangu. "Unataka mwakani asiitwe hata mmoja kwa sababu yako?"

"Rudi, shoga," jirani alimwita. Safari hii hakutania. "Rudi, utatuponza wote."

Hakurudi. Wala hakuinama kuchimba. Angeinama tu na kiazi kikatoka, wangejua alikiacha makusudi, na huo ungekuwa wizi.

Nguruwe akamfikia. Akamnusa vidole vya miguu, akapuliza pumzi ya moto, kisha akaanza kufukua katikati ya nyayo zake.

Kule kwenye waya, pacha walikuwa wamekiinua kikapu juu ya vichwa vyao, ili mama yao akione.