Kaseti Zisizo na Claudine

Kila aliyeingia katika uwanja wa nyumba ile ya mtaa wa Ruashi kutoa pole alimwambia Adalbert kwamba afadhali yeye, sauti ya mkewe Claudine angebaki nayo. Mtu aliyenasa sauti maisha yake yote angekosaje ya mke wake? Adalbert aliitikia kwa kichwa, naye akaamini.

Alikuwa fundi katika karakana ya reli wakati injini za mvuke zilipokuwa zinamalizika. Siku za mapumziko, wenzake walipokwenda kunywa, yeye alibeba redio-kaseti na mikro yake ya kunasia sauti, akapanda treni hadi upande wa Sakania, akajilaza kando ya reli mahali inapopanda mlima. Injini kwenye tambarare haisemi kitu, ndivyo alivyozoea kusema. Ni kwenye mpando ndipo kila pumzi inatoka peke yake, nzito, kama ya mtu aliyejitwisha gunia. Injini zote zile zilikwisha kukatwa kuwa vyuma chakavu, lakini kabati lake lilijaa kaseti za mipando yao.

Jumamosi matanga yangeisha. Katika ukoo wa Claudine, siku hiyo picha ya marehemu huwekwa kwenye kiti, na tangu simu zilipoingia, watu huwasikilizisha wajukuu sauti yake, hasa wale wadogo ambao hawatamkumbuka. Ila Claudine hakuacha ujumbe wowote katika simu. Yeye alikuwa mtu wa kubipu tu. Alipoulizwa kwa nini hasemi, alijibu kwamba mtoto aliyemzaa yeye anaijua namba yake, atampigia.

"Papa, hata neno moja," alisema Séphora, binti yao, akiwa amekaa sakafuni kati ya kaseti. "Hata kama ni kukutukana."

"Ya kunitukana ndiyo itakuwa mingi," Adalbert alijibu. "Weka ile ya juu."

Séphora akacheka kidogo, cheko la kwanza tangu mazishi, akabonyeza. Kukawa na mvumo mwembamba wa utepe, kisha mbali sana pumzi ya kwanza. Injini ikaja ikihema, ikakaza, ikapita na mabehewa yake yaliyojaa shaba, ikapotea juu. Sauti ikakatika. Wakaweka nyingine. Treni nyingine, mlima ule ule. Ilipofika ya tatu, Séphora aliacha kuangalia redio, akamwangalia baba yake.

"Mais Papa, Mama alikuwa anaendaka na weye, au hapana?"

"Kila mara."

"Sasa sauti yake iko wapi?"

Claudine ndiye aliyeanika betri juani zilipochoka, ili zipate nguvu ya mpando mmoja zaidi. Ndiye aliyeshuka hadi kwenye kona, chini ya mlima, akasimama na kitambaa chake cha kichwa mkononi. Treni ikianza kupanda alikiinua, naye Adalbert, huko juu, akabonyeza. Hivyo hawakupoteza utepe bure. Baada ya hapo Claudine alipaswa kujikunyata katika majani bila kukohoa mpaka behewa la mwisho lipite. Hiyo ilikuwa sheria. Mikro haichagui, Adalbert alimfundisha tangu uchumba. Inakula kila kitu.

"Kulikuwa siku moja," Adalbert alisema. "Injini ilikuwa nazungusha magurudumu bure, inateleza. Mama yako, pale chini, akasahau. Akaanza kubembeleza mashine kama muntu: panda, baba, panda, bantu banakungoja. Akacheka. Alikuwa na mimba yako."

Séphora alikuwa amekwisha kusimama. "Iko ndani ya kaseti gani?"

Adalbert aliijua. Ilikuwa na ufa pembeni, kwa sababu siku ile aliitupa chini kwa hasira: mpando mzuri kuliko yote, umeharibiwa na mwanamke anayeongea. Akapapasa kati ya kaseti mpaka akaipata, akaiweka mwenyewe. Mvumo. Pumzi ya kwanza. Injini ikapanda. Haikuteleza hata mara moja. Ikapanda safi, mwanzo hadi mwisho, bila ndege, bila upepo, bila mtu.

Ndipo alipokumbuka wiki iliyofuata. Kaseti zilikuwa ghali, na fundi mzuri wa sauti habaki na kilichoharibika. Alirudi mlimani, akanasa treni nyingine katika kaseti ile ile, juu ya sauti ya Claudine. Claudine ndiye aliyeirudisha kaseti nyuma kwa kalamu, ili kuokoa betri. Kila alipokohoa, kila alipomwita mtoto, walifanya hivyo hivyo, mpaka akazoea, akawa kimya mwenyewe.

Adalbert alipoinua macho, dada mkubwa wa Claudine alikuwa mlangoni, mikono bado na unga.

"Shemeji, mumepata?"

"Hapana, Mama Constance. Nilimufuta."

Mama Constance aliziangalia kaseti zilizotapakaa. "Weye bwana. Treni zote ulichunga, mudogo wangu ukamuacha inje."

"Mama mukubwa, mumuache," Séphora alisema polepole.

"Siko namugombeza. Niko nauliza." Akavuta kiti, akaketi mbele ya shemeji yake, akajifuta mikono kwa kitenge. "Yeye alikuwa nasimama wapi?"

Adalbert akaonyesha kwa kidole hewani, kama kwamba mlima ulikuwa pale chumbani. Hapa mikro. Kule kona. Pale katika majani, yeye.

"Na weye unaanza kunasa wakati gani?"

"Akiinua kitambaa."

"Basi rudisha mwanzo."

Akarudisha. Ukaja ule mvumo mwembamba kabla ya treni, ambao Adalbert hakuwahi kuusikiliza, kwa sababu ulikuwa wa kungojea treni tu. Mama Constance akainamisha kichwa.

"Hapa," alisema Adalbert. "Hapa iko anashusha mukono. Iko anaingia mu majani. Anafunga kinywa."

Pumzi ya kwanza ya injini iliposikika mbali, Séphora akaizima redio, akarudisha kaseti nyuma. Wakasikiliza tena. Tena akaizima kabla treni haijafika.

Uwanjani kwaya ya parokia ilikuwa imeanza kujaribu nyimbo za Jumamosi, na ngoma ikaufunika ule mvumo wote. Mama Constance akainuka, akaenda mlangoni.

"Munyamaze kidogo, batoto," aliwaambia. "Tuko nasikiliza Claudine."