Nati za Upande wa Kushoto

Mimi nauza chai na chapati mbele ya gereji ya mume wangu hapa Katoro, na wenye magari nimewaona wa kila aina. Asiyeshaurika kabisa ni mwenye pikapu ya zamani. Donatus, mmoja wa hao, alikuwa ameshavunja ekseli ya nyuma mara mbili kwa kubeba viroba vya mawe ya dhahabu kutoka kwenye maduara, yale mashimo ya wachimbaji, hadi kwenye karasha ya kusagia mawe. Badala ya kupunguza mzigo, akatafuta difu, yaani ekseli nzima ya nyuma, ya lori dogo, akaileta juu ya mkokoteni, akamwambia Ndaki, mume wangu, "Fundi, ng'oa hii ya kitoto, nifungie ya mwanaume."

Ndaki aliifanya kazi ile kwa moyo. Alichomelea vikalio vipya vya springi, akapeleka propela ikafupishwe, akaunga paipu za breki. Asubuhi ile ilikuwa imebaki kukaza yubolti tu, yale machuma yaliyopinda yanayoibana difu na springi zisiachane. Hayo hayakazwi gari likiwa juu ya jeki. Gari linashushwa kwanza, uzito ukalie springi, ndipo fundi anaingia uvunguni na spana na kipande cha bomba, anakaza mpaka mishipa ya shingo inamsimama. Kwa hiyo gari linaweza kusimama pale na matairi yake yote, ukadhani limekwisha, kumbe bado.

Ndaki akiwa uvunguni, kaptula tu na kifua wazi, akatokea mama yangu. Alikuwa amekuja kutoka Mhunze kumwona mjukuu, akafikia kwa jirani, maana kwetu Wasukuma mama mkwe na mkwe hawalali chini ya paa moja. Hawapeani mkono, hawali pamoja, hawatazamani usoni. Wakikutana njiani mmoja anaiacha njia. Miaka yote ya ndoa yangu hawa wawili wameongea kupitia kwangu, hata wakiwa ua mmoja, na mdomo wangu ndio unaochoka.

"Mwangaluka, mayu," nikamwamkia kwa sauti kubwa, makusudi, ili wa uvunguni asikie.

Alisikia. Nilimwona akichomoka upande wa pili kama mjusi na kupotelea nyuma ya mabati ya bafu. Nikacheka moyoni. Mama alikuja kuniaga, alikuwa anakwenda kwa mdogo wake anayeishi karibu na karasha, na mimi nikamwacha kwenye benchi nikavuka barabara kununua unga wa kumfungashia.

Niliporudi, mama hayupo, gari halipo. Ndaki alikuwa ndiyo kwanza anatoka nyuma ya mabati.

"Mama Limi, gari liko wapi?"

Mteja mmoja aliyekuwa anakunywa chai akajibu kwa niaba yangu, "Donatus kaja, kaona limeshuka, kaliwasha. Kampa na mama lifti. Anapakia duarani, halafu anateremka naye mpaka karashani."

Sijawahi kumwona mume wangu na uso ule. "Kushoto sijakaza," akasema. "Nati nimezishika kwa vidole tu."

"Na hukusikia likiwaka?"

"Nilisikia. Nikafikiri wanalisogeza. Ningetokaje na kaptula mbele ya mama?"

Hapo ningemtukana, lakini niliiwahi simu kwanza. Nilimpigia Donatus, simu ikaita mpaka ikakata. Nikapiga tena, ikaita vilevile. Mama yangu simu hana. Nilichokuwa nakiona kichwani ni ule mteremko wa kushukia karashani, kokoto tupu, korongo upande wa kushoto, na upande huo huo ndipo anapokaa abiria wa mbele.

Boaz wa bodaboda alitubeba mshikaki, watu watatu pikipiki moja, Ndaki katikati, bado kifua wazi. Kila tulipopishana na gari nililitazama nyuma, nikiomba liwe lile, limesimama, bovu, mama yuko chini ya kivuli ananung'unika. Duarani tukaambiwa wamepakia na kuondoka sasa hivi.

Tuliliona kwenye kona ya kwanza ya mteremko. Lilikuwa linakwenda upande, kama mbwa anayetembea, pua huku na mkia kule. Difu imeteleza nyuma upande wa kushoto. Lilikuwa taratibu bado, Donatus alikuwa ameshahisi kitu, taa za breki zinawaka na kuzimika.

"Asikanyage breki," Ndaki akawa anasema mgongoni kwa Boaz, "asikanyage, asikanyage." Akikanyaga breki, difu inavutika, paipu ya breki inakatika.

Ikakatika. Niliona mafuta yakimwagika kwenye vumbi, na taa zinawaka, na gari halipungui. Nikapiga yowe la jina la mama yangu, Mbuke, jina ambalo mtoto halitamki.

Boaz akalifikia ubavuni, kwenye ule ukanda mwembamba kati ya gari na korongo. Ndaki alishuka pikipiki ikiwa bado inatembea. Alikimbia peku, akashika kitasa, akafungua mlango, na mwanaume ambaye hajawahi kumtazama mama yangu machoni akamkumbatia kiunoni kwa mikono miwili na kumvuta. Walianguka pamoja ukingoni. Pikapu iliteremka na Donatus wake, ikaserereka, ikajichimbia kwenye lundo la marudio, ule mchanga unaobaki baada ya dhahabu kutolewa, kule chini. Baadaye kidogo mlango wake ukafunguka, akatoka, akakaa chini.

Nilimkimbilia mama. Alikuwa amekaa kwenye vumbi, kanga imemtoka kichwani, mzima. Ndaki alikuwa kando yake, amegeuza uso kuelekea korongo kwa heshima, lakini mkono wake, mweusi kwa grisi, ulikuwa umemshika mama kiwiko.

Mama akavuta kanga, akajifunika mpaka machoni, akaniangalia mimi.

"Mwambie mumeo," akasema, "siku nyingine nikija, asitoke. Akaze kwanza. Mimi nitafumba macho."

Ndaki alikuwa karibu naye kuliko mimi. Bado nilimgeukia nikamwambia, neno kwa neno, huku machozi yananitoka.

"Mwambie mama nimesikia," akajibu, akitazama korongo.

Nikamwambia mama kwamba amesikia. Mama akatikisa kichwa kukubali. Kiwiko chake hakukitoa, na Ndaki hakukiachia.