Ukuta Nyuma ya Baba

Baba alikaa kitini amevaa koti la suti na kandambili, akaniuliza kwa mara ya tatu, "Fundi, picha hii ni ya nini?"

"Ni ya kaka, Baba. Na mimi si fundi, ni mwanao."

"Najua," akasema, kwa ukali wa mtu asiyejua.

Nilikuwa nimechoka. Si uchovu wa kulala ukaamka ukaisha. Ni wa kukumbuka kwa niaba ya mtu mwingine mwaka mzima. Kila mwisho wa mwezi nilimpiga Baba picha nikamtumia kaka yangu mkubwa, anayefanya kazi mbali, nikigusia kwamba nimechoka, naye alijibu yale yale: "Mzee bado chuma! Wewe unapenda kukuza mambo." Alaa! Lakini kosa lilikuwa langu pia. Baba aliniapisha, akili zikiwa bado zimetulia, kwamba kaka asijue anaanza kusahau. Nami mpiga picha wa miaka ishirini nilijua kuficha: nilifungua tundu la lenzi lote, uso ukatoka wazi kila mkunjo, ukuta wa nyuma ukawa ukungu mtupu.

Siku hiyo nilifika kwa Baba moja kwa moja kutoka kupiga picha ya walimu arobaini, safu nne. Nilikuwa nimelibana tundu ili wote waonekane wazi, wa mbele hadi wa nyuma, na sikulirudisha. Ukichungulia tu hutambui, maana kamera yangu huonyesha mambo kana kwamba tundu liko wazi, hata kama picha itatoka vingine. Ndiyo maana kando ya lenzi kuna kitufe cha kuhakikishia: ukikibonyeza, tundu hujibana ukaona picha itakavyotoka. Kidole kilikibonyeza kwa mazoea.

Kioo cha kuchungulia kikaingia giza. Jicho lilipozoea, ukuta ukajitokeza na karatasi zote nilizombandikia Baba asisahau, kwa mwandiko wangu: ZIMA JIKO. CHOO NI MLANGO HUU. HAPA NI KWAKO. Na ile iliyo karibu na bega lake: MAMA ALISHAFARIKI. USIMSUBIRI.

Nilizipita kila siku bila kuzisoma. Pale nilizisoma. Niliona haya, kisha hasira, kisha machozi yakanizuia kuona.

"Fundi, unakawia," Baba akasema.

Kuzungusha pete ya lenzi kidogo tu kungetosha kuzifuta. Nisamehe, Baba, nikasema moyoni, mzigo umenielemea. Nikapiga, nikatuma.

Baada ya dakika kumi simu ililia. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu, makali, ya mwaka mzima. Nilisikia kaka akivuta pumzi, na nyuma yake watu wa kazini wakicheka.

"Mdogo wangu," akasema hatimaye, "mara ya mwisho ulilala usingizi wa kutosha lini?"

Nilifungua kinywa nimpe vidonge vyake, nikashindwa. Nililia palepale mbele ya Baba, kwa sauti, bila aibu, na kaka hakukata simu.