Mvua ya Meza ya Chumvi

Tegueni fumbo: nani aliyenyeshea Kolwezi mvua siku tatu bila tone moja kutoka juu? Fikirini. Mi najua, sababu mukono wangu ulikuwamo.

Tata Mukalay ndiye mutu wa kituo cha hali ya hewa. Bajeti ya kituo ilikatwa, ikakatwa tena, mpaka kikabaki kiti na yeye mwenyewe. Kipimajoto kilipovunjika, hakuna aliyeleta kingine. Lakini redio yetu inamungoja kila asubuhi. Basi anapita kwanza soko la Musonoi, kwenye meza yangu ya chumvi, anatia kidole. Chumvi ikinata, anatangaza mvua. Ikiteleza, jua.

"Chumvi inaona maji ya hewa mbele yetu, Mama Henriette," huniambia. "Tena haina mushahara wa kukatwa."

Kuna kitu sikumwambia. Fungu la chumvi kavu linajimwaga, linaonekana dogo. Linyunyizie maji kidogo, linasimama kama vilima vya mabaki ya mugodi kule Kingamyambo. Wateja wanapenda fungu refu. Mwisho wa Oktoba biashara ililala, nikanyunyiza.

Siku ya kwanza redio ikasema mvua. Jua likawaka kutwa. Nilicheka peke yangu. Siku ya pili, vilevile. Ya tatu, vilevile.

Sasa, binti yangu Jémima alikuwa na matofali elfu tatu ya nyumba yake, yamepangwa tanuru, kuni tayari. Moto wa tanuru unataka siku mbili kavu. Mvua ikiukuta njiani, matofali yanaharibika. Yasipochomwa, mvua ya kwanza kubwa inayarudisha matope. Kila asubuhi alisikiliza redio, akaacha kiberiti.

Jioni ya siku ya tatu akaja amenuna. "Mama, watu wa Kasaji banasema kwao imenyesha tayari. Inakuja huku. Nikichelewa, nyumba yangu imekwisha. Na huyu tata kila siku mvua, mvua! Anaitoa wapi?"

Nikageukia sufuria. Sikulala vizuri.

Kesho yake Tata Mukalay akafika, wateja wawili wakiwa mbele yangu. Akanyoosha kidole. Nikakishika.

"Acha, tata. Hayo maji si ya mbinguni."

"Ni ya nani?"

"Ya kopo langu."

Mama Mbelu wa samaki wakavu, meza ya pili, akapiga makofi. "Kumbe anayenyesha ni Henriette!"

"Siku tatu, mama!" tata akapaza sauti. "Nimesema uongo mbele ya Kolwezi nzima!"

"Utanigombeza kesho. Tia kidole humu." Nikafungua gunia lisiloguswa na maji. Akatia. Akasugua. Akaonja hata.

"Jua. Leo na kesho."

"Hakika?"

"Mama, kituo chote kiko kwenye hiki kidole."

Redioni akasema: "Leo jua, kesho jua. Mvua za siku tatu zilitoka kwa Mama Henriette wa chumvi. Kituo kinaomba radhi." Kabla hajamaliza, Jémima alikuwa amewasha.

Moto ukala siku mbili. Ya tatu mvua ikashuka kwa hasira, ikakuta matofali mekundu, magumu.

Wateja walidai nyongeza, nikawapa. Jémima hakudai kitu. Alinitazama tu, uso mweusi wa moshi, akanipa ndoo.

"Sababu unapenda sana kunyunyiza, mama, njoo tuchanganye udongo wa kuta."

Nilichanganya siku nne, na kiuno changu hiki.