Kifaa Ambacho Hakikupumzika

Kayalvizhi alikuwa anachunguza chupa ya pili ya seli wakati Muthaiya, mhudumu wa maabara, alipoingia na ndoo ya maji, kopo la liwa na unga mwekundu.

"Maliza, binti. Saa sita wanakata umeme wa ghorofa hii."

"Ghorofa nzima?"

"Mwaka jana kuna mtu alitumia mashine sikukuu, mwezi uliofuata ikaungua. Mwaka huu msimamizi kaapa, zinapumzika zote."

Kila Ayudha Puja, sikukuu ya Kihindu ya kuheshimu zana za kazi, hospitali ile ya macho ya Madurai iliosha vifaa vyake, ikavipaka liwa na kuvivisha maua, na havikuguswa hadi kesho yake. Kayalvizhi hakuwa na ugomvi na desturi hiyo. Baba yake alikipaka liwa kitanda chake cha kufumia vitambaa. Shida ilikuwa kiatamizi, kabati la kutunzia seli katika joto la mwili.

Ndani yake mlikaa chupa mbili bapa zenye seli za macho ya muuza maua aliyefariki majuma matatu kabla. Seli za aina hiyo hukaa nyuma ya retina, ngozi laini ya ndani ya jicho inayopokea mwanga, zimepangana kama vigae. Retina ikichanika, baadhi hudondokea ndani ya jicho. Humo protini inayosaidia kuponya vidonda huziamuru zibadilike. Hurefuka, hutambaa juu ya retina, hutandaza utando wa kovu, kisha hujikunja na kuibandua. Hata mgonjwa aliyepasuliwa vizuri hupofuka mwezi wa pili baada ya upasuaji. Chupa ya kwanza ilitiwa protini hiyo peke yake. Ya pili ilitiwa protini pamoja na dawa ya kuzuia amri yake. Kesho ilikuwa siku ya saba, siku ya picha. Ijumaa kamati ingeamua kama utafiti wake unaendelea au unafungwa. Macho mengine hayakuwapo.

Alishuka ofisini. Msimamizi Sivagnanam alikuwa anaivisha kompyuta yake shada la maua.

"Bwana, naomba kiatamizi kimoja tu kisizimwe. Seli zikipoa zinakufa."

"Una barua ya mkurugenzi?"

"Mkurugenzi yuko Delhi."

"Basi msubiri."

"Mbona friji ya damu haizimwi?"

"Friji ya damu imo kwenye orodha. Wewe umo?" Hakuinua macho. "Nyinyi wasomi! Siku moja tu mashine zipumue, hamwezi."

Juu ya kichwa chake kiyoyozi kilikuwa kinanguruma.

Kayalvizhi alirudi juu. Alimimina maji ya lishe yaliyosalia, yote, akazijaza chupa hadi shingoni ili seli zisikauke hata chupa zikilala upande wowote. Alikaza vifuniko, akazifunga kwa plastiki, akazibana tumboni kwa mtandio, ndani ya gauni, pamoja na kipimajoto.

Muthaiya alimtazama. "Lo! Asubuhi ulikuwa mwembamba."

"Nikazie fundo, mzee."

"Mapacha?"

"Mapacha."

"Baba yao nani?"

"Marehemu. Aliuza asumini."

Saa sita kiatamizi kilinyamaza. Alisimama kwenye ibada na wenzake, na boga la kufukuza husuda lilipopasuliwa langoni hakusogea, asije akazitikisa chupa. Sivagnanam alikuwa anagawa bisi za mchele na ndizi. Alimtazama tumbo, akamtazama shingo isiyo na uzi wa ndoa, akampa bisi, ndizi akairudisha kwenye sinia. Usiku bwenini alilala chali, mikono juu ya chupa.

Saa mbili asubuhi umeme ulirudi. Chini ya hadubini, seli za chupa ya kwanza zilikuwa ndefu na nyembamba, zimeanza kuvutana. Za chupa ya pili zilikuwa bado zimepangana kama vigae, karibu zote. Alipiga picha, akarudia mara tatu.

Sivagnanam alikuja na daftari la joto la kiatamizi.

"Hapa pana saa ishirini tupu. Kamati haipokei matokeo yenye pengo, unajua."

"Ulizima wewe."

"Ilizima ofisi. Mimi nitatiaje sahihi joto la mashine iliyozimwa?"

Kayalvizhi alilivuta daftari, akajaza mstari mtupu polepole, kwa mwandiko wa kusomeka. Joto: nyuzi 36. Kifaa: Kayalvizhi. Maoni: hakikupumzika.

Kisha akamgeuzia daftari, na kalamu juu yake.