Mlango wa Uani, Sehemu ya Pili

Wewe uliinamisha kichwa. Usiniambie hukuwepo, maana ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa kwenye ngazi, na mimi nilisimama nyuma kabisa nikiwatazama migongo. Shangazi yangu aliposimama katikati ya filamu, mwanga wa projekta ukampiga usoni, na wewe ukatazama viatu vyako. Jirani yako akatoa simu. Kuna mtu akasema, "Mama, kaa chini, unatuziba," ukumbi mzima ukacheka, nawe ukacheka kidogo, kile kicheko cha mtu asiyetaka kuonekana amenuna. Mimi huwa sisahau. Wenzangu huniita Katiba kwa sababu shule niliiacha mapema na sheria nikajisomea mwenyewe, kitabu kimoja kimoja, mpaka kwapa likazoea vitabu. Wangeniita Daftari ingekuwa karibu zaidi na ukweli.

Basi tuanzie mwanzo, kwa sababu uliyoyaona pale ukumbini hayakuwa na mwanzo.

Kiwanda tulichofanyia kazi kilishona sare, za wanafunzi, za walinzi, za wauguzi. Juu kulikuwa na vyerehani na ofisi ya meneja. Chini kulikuwa na stoo, na mwisho wa korido chumba cha pasi, ambako mimi na wenzangu tulinyoosha mashati tangu asubuhi mpaka jioni katika mvuke wa kumchemsha mtu akiwa mzima. Chumba hicho kilikuwa na milango miwili, mmoja wa korido na mmoja wa uani. Wa uani ulipigwa kufuli kila asubuhi tukishaingia, kwa sababu meneja alisema wapiga pasi tunatupa mashati nje kwa jamaa zetu. Hakuwahi kumkamata mtu hata mmoja. Kufuli likabaki, na ufunguo wake ukakaa kwenye droo ya meza yake.

Shangazi, dada wa baba yangu, alikuwa mtunza stoo. Shingoni alining'iniza funguo saba kwa uzi wa kudarizi, za makabati ya nyuzi, vifungo na zipu. Wa mlango wa uani haukuwamo. Nakuomba ulishike hilo kuliko kitu kingine chochote nitakachosema.

Saa nne asubuhi, siku ya Jumanne, waya wa umeme wa korido ulishika moto, ukawasha marobota ya kitambaa. Mimi nilikuwa nimepanda juu kupeleka kola. Nilimwona Shangazi akipita mbio, kilemba kimefunguka, akaingia kwa meneja bila kubisha. Meneja alikuwa kwenye simu. Alimwinulia kidole kimoja, yaani ngoja. Shangazi alisema kuna moto, ufunguo. Kidole kikabaki juu. Alikuwa akiuliza bei ya matairi ya gari lake, na mtu wa upande wa pili alikuwa mgumu wa kupunguza. Dakika nne. Shangazi alipofika chini na ufunguo, korido ilikuwa haipitiki. Akazunguka nje mpaka uani, akafungua. Wapiga pasi tisa walikuwa nyuma ya mlango, na hakuna aliyetoka hai.

Mmoja wa wale tisa alikuwa mke wa mpiga picha za harusi. Yule bwana aliacha harusi mwaka mzima, akatengeneza filamu. Tuliicheza wenyewe, Jumapili kwa Jumapili, katika darasa la kuazima. Mlango tuliutengeneza kwa mbao za makreti, tukaupaka kijani. Meneja aliigizwa na fundi wa kola, mtu mpole ambaye kila baada ya kupiga picha alimwomba Shangazi msamaha. Na Shangazi alijiigiza mwenyewe. Alikataa katakata ile simu ifupishwe. Mpiga Picha alimwambia watazamaji watachoka, naye akamjibu kwamba hata yeye alichoka. Kwa hiyo mle ndani kuna dakika nne za mwanamke aliyesimama mbele ya kidole, na mtu anauliza bei ya matairi. Tuliiita *Mlango wa Uani*. Kila ilipoonyeshwa, watu walianza kwa kunong'ona, wakaishia kupiga kelele kwenye kitambaa cheupe: mpe ufunguo. Madiwani wakaona aibu. Baraza la mji likatoa amri kwamba mlango wa nyuma wa mahali pa kazi usifungwe kufuli watu wakiwa ndani. Kwa miaka tisa ule mlango haukufungwa tena.

Mpiga Picha alipougua aliiachia filamu kamati yetu ya wafanyakazi. Alipofariki, mwenyekiti wa kamati nilikuwa mimi.

Ndipo akaja bwana mmoja mwenye miwani myeusi ambayo hakuivua hata ndani ya ofisi yetu, ambayo ni giza tupu hata mchana. Tukamwita Miwani. Alikuwa mtengenezaji wa filamu, akasema anaiheshimu kazi yetu na anataka kutoa sehemu ya pili. Nilimuuliza kama itaeleza kesi ambayo haikufunguliwa, wajane waliohamishwa nyumba, na meneja aliyepelekwa kusimamia kiwanda kikubwa zaidi. Akanishika bega. "Kila kitu, Katiba. Watu wanataka kujua kilichofuata."

Kwa miaka tisa nilikuwa nikisubiri mtu aniulize kilichofuata.

Karatasi aliyoleta ilikuwa na pande mbili. Wa mbele niliwasomea wanakamati kwa sauti, nikafafanua kila kifungu kama kawaida yangu. Kabla sijageuza, Miwani alikuwa ameshanisimamisha ukutani tupige picha pamoja, na mimi nilikuwa nanyoosha kola. Nikatia saini. Mimi niliyewafundisha wenzangu, mkutano baada ya mkutano, kwamba anayetia saini kabla ya kugeuza karatasi ametia saini kaburi lake.

Sehemu ya pili uliiona. Ilianza na bondia anayeruka kutoka paa hadi paa. Nikajiambia tulia, kiwanda kinakuja. Akaja msichana mwenye gauni la kumetameta, akaimba juu ya boneti ya gari. Kiwanda kikaja kweli, eti cha manukato. Vya kwetu vilivyobaki ni jina, mlango wa kijani, na mtunza stoo mwenye funguo saba shingoni. Huyo wa kwao alimtaka bondia, bondia hamtaki. Siku bondia alipoingia chumba cha ndani na yule msichana, mama wa stoo akazungusha ufunguo, akauficha kifuani, akaondoka akitikisa mabega. Moto ukawaka. Bondia akabomoa ukuta kwa ngumi.

Hapo ndipo Shangazi aliposimama. Alisema, wala si kwa sauti kubwa, "Ule ufunguo haukuwa kwangu. Ulikuwa kwenye droo." Na wewe ukatazama viatu vyako.

Huenda unadhani filamu ni filamu tu, mtu akitoka ukumbini anaiacha kwenye kiti pamoja na maganda ya karanga. Shangazi siku hizi ana meza nje ya duka la viatu, anarekebisha zipu na mikoba. Wiki ile ile mteja wake wa siku nyingi alimuuliza, kwa utani, kama yule bondia alikuwa mzuri kiasi hicho. Shangazi akamjibu kwamba alikuwa mzuri lakini anakoroma. Utani aliuweza. Kilichomshinda ni binti wa Mpiga Picha, aliyekuwa mdogo wa kubebwa mama yake alipoungua. Alikuja akachukua gauni lake kutoka juu ya meza, nusu limeshonwa, sindano bado imo, akaenda bila salamu. Jioni ile Shangazi alikunja meza mapema.

Kisha meneja mpya akaliandikia baraza barua. Alitaka ruhusa ya kufunga tena mlango wa uani, kwa sababu ya wizi. Kuhusu maafa ya zamani, aliandika kwamba yalitokana na ugomvi wa kimapenzi wa mtunza stoo, "jambo linalofahamika na wengi." Karani wa baraza alinionyesha barua yenyewe. Nilipomuuliza ushahidi uko wapi, alinitazama kama mtu anayeulizwa jua liko wapi.

"Si mlitoa filamu nyinyi wenyewe?"

Nikamwambia hiyo ni ya pili, haihusiani na ya kwanza. Akasema ya pili hutoka kwa ya kwanza, mzee, vinginevyo isingeitwa ya pili. Nikaondoka kwenda kuitafuta ya kwanza nimwonyeshe. Maduka yote yana ya pili tu. Nakala yetu tuliyomkabidhi Miwani hakuirudisha. Ndipo nikaitoa ile karatasi na kuigeuza. Nakala zote ni zake, kuonyesha ni kwa ruhusa yake, na hadithi pamoja na watu waliomo anaweza kuwabadilisha apendavyo. Ilikuwa imeandikwa kwa herufi za kawaida kabisa. Siwezi hata kusingizia macho.

Nilimkuta Shangazi mezani akinyoosha meno ya zipu kwa koleo. Nikamwambia mimi ndiye niliyewapa jina.

"Najua," akasema. "Mwenyekiti ni wewe. Nani mwingine angewapa?"

"Sikusoma nyuma ya karatasi."

Akaweka koleo chini. Alianza kucheka, akacheka mpaka akashika ukingo wa meza. "Katiba hakusoma," akarudia, kama mtu anayejaribu ladha ya kitu. Halafu kicheko kikamwisha. "Miaka yote hii unawaita watu vipofu. Nenda kawaambie."

"Wakijua nilitia saini, hakuna atakayenisikiliza tena."

"Wasikusikilize, baba. Mimi hawanisikilizi, na nilichofanya ni kupanda ngazi."

Jumatatu baraza lilikaa. Madiwani saba, wawili wakisinzia kwa heshima. Nilisimama nikasema nilichotumwa kusema. Nilitia saini, sikugeuza karatasi, filamu ya pili ni uongo uliovaa nguo za filamu ya kwanza, na nguo hizo nilizitoa mimi. Wakili wa kiwanda alifurahi sana. Akaniuliza, kwa upole wa kunikata, kama basi nakiri kwamba mwenyekiti wa wafanyakazi mwenyewe aliruhusu hadithi ibadilishwe. Nikasema ndiyo. Katibu wangu wa kamati akainuka, akatoka. Viatu vyake nilivisikia mpaka nje.

Nikaomba Shangazi asikilizwe. Mwenyekiti wa baraza akasema hayumo kwenye orodha, aje baada ya wiki mbili. Na kwa hizo wiki mbili? Akasema kiwanda kiendelee na utaratibu wake.

Shangazi alikuwa ameshasimama. "Mheshimiwa, alikuwa akiuliza bei ya matairi." Karani akainua kalamu, akamtazama mwenyekiti, akaishusha. Hakuna kilichoandikwa.

Tulipotoka, binti wa Mpiga Picha alikuwa dirishani kwa nje. Sijui alisimama hapo tangu saa ngapi. Alimtazama Shangazi, akauliza, "Matairi mangapi?"

"Manne. Na la akiba."

Yule binti akafunika uso kwa viganja vyake viwili. Shangazi hakumgusa, alimsubiri tu. Binti alipofunua uso, alisema twende tukauone mlango.

Tukaenda watatu. Utaratibu wa kiwanda ulikuwa umeshaanza kabla hata baraza halijakaa. Kufuli jipya, bado lina gundi ya bei. Nilitia sikio kwenye mbao nikasikia pasi zikipumua mvuke, na wanawake wakibishana juu ya nani alimaliza maziwa ya chai. Kwa hesabu ya kamati, mle ndani wapo kumi na wanne. Shangazi akagonga. Sauti ya msichana ikajibu, kwa adabu kabisa, "Zungukeni mbele, huku pamefungwa."

Shangazi akamuuliza ufunguo uko kwa nani. Halafu yule msichana akasema hajui, hajawahi kuuliza.

Wao wawili bado wako pale uani, wanagonga. Mimi naandika haya nikiwa nimekalia kreti, na sikuandikii ili unionee haya au umhurumie Shangazi. Wiki mbili ni siku nyingi mno kwa waya wa korido. Kwa hiyo iweke karatasi hii chini. Kama uko karibu, njoo uani sasa hivi. Kama uko mbali, nenda nyuma ya jengo unalofanyia kazi, au anakoshona dada yako, au anakopika mama yako, uusukume mlango kwa mkono wako. Usipofunguka, panda kwa mwenye ufunguo, umuulize uko wapi, na akikuinulia kidole, usingoje.