Uzinduzi wa Daraja la Nthiga

Mutembei alishuka Karurumo siku ya Alhamisi akiwa na faili kwapani, mikebe miwili ya rangi nyeupe, na utepe mwekundu uliozungushwa kwenye kijiti. Kazi aliyotumwa ilikuwa nyepesi. Alitakiwa kulitazama daraja jipya la mto Gacugu, kulipaka rangi, na kutafuta mahali ambapo Mheshimiwa angesimama Jumamosi akija kulifungua. Mheshimiwa alikuwa waziri msaidizi, na mwaka ule wa themanini na saba, uchaguzi ukiwa umeanza kunukia, hakuna wiki iliyopita bila yeye kukata utepe mahali fulani.

Mutembei alikuwa karani tu wa ofisi ya ujenzi mjini, Mmeru wa Nkubu mwenye mwandiko mzuri. Faili aliijua kwa kuwa yeye ndiye aliyeipiga chapa. Ilisema daraja ni la chuma na saruji, urefu wake mita kumi na mbili, na limekamilika mwezi wa tatu. Akateremka njia ya katikati ya mashamba ya kahawa hadi mtoni, akatazama. Hakuona chuma. Akafuata mto kwenda chini mpaka kiwanda cha kahawa, akarudi, akapanda nao juu mpaka miamba ilipomzuia. Mto ulikuwa mmoja na daraja lilikuwa moja: magogo mawili makubwa ya mkaratusi yaliyolazwa kutoka ukingo hadi ukingo, mbao zilizopigiliwa juu yake, na fito za kushikilia pembeni.

Alikuwa amesimama katikati yake, ameifungua faili, pale mzee mmoja alipokuja na jembe begani.

"Mzee, habari yako. Daraja iko wapi?"

"Umesimama juu yake."

"Hapana. Ile ya serikali. Ya chuma."

Mzee aliyatazama maji, akaitazama faili, kisha akamtazama Mutembei usoni, kwa upole, kama mtu anayetazama mgonjwa. "Hii nilijenga mimi," akasema. "Naitwa Nthiga. Ni mwaka wa sita sasa. Hiyo ya chuma, kama iko, mimi sijaambiwa."

Nthiga alikuwa fundi seremala. Mkewe alikuwa ameteleza mtoni na gunia la kahawa mgongoni, akavunjika nyonga, na tangu hapo hakutembea tena sawasawa. Msimu uliofuata Nthiga aliangusha mikaratusi yake miwili, majirani wakatoa mbao, Wakristo wakachanga misumari. Tangu siku hiyo kahawa yote ya ng'ambo ile ilipita hapo kwenda kiwandani. Sheria ilikuwa moja tu: watu wanne kwa wakati mmoja, watano kama hawana mizigo. Hata watoto wa shule waliijua.

Mutembei alipanda mbio hadi posta ndogo ya Karurumo, akampigia simu mkubwa wake, Bwana Njoka.

"Bwana, daraja hakuna."

"Hakuna vipi? Hakuna kitu cha kuvukia mto?"

"Cha kuvukia kiko. Lakini ni cha miti. Kilijengwa na mzee mmoja."

"Mutembei, faili inasema kuna daraja?"

"Inasema."

"Na wewe umeona daraja?"

"Nimeona, lakini..."

"Sasa shida iko wapi? Paka rangi." Simu ikakatwa.

Alibaki ameshika mkono wa simu. Alijaribu kufikiri. Labda kulikuwa na mto mwingine unaoitwa Gacugu. Labda daraja la chuma lilijengwa mahali pengine kwa makosa, na wenyewe wanashangaa nani amewajengea. Jambo la tatu lilimjia, kwamba chuma na saruji viliishia mfukoni mwa mtu, lakini hilo alilisukuma kando upesi, maana sahihi zilizokuwa kwenye faili zilikuwa za watu aliowasalimu kila asubuhi.

Ijumaa lori lilileta mahema, viti vya kukalia wakubwa vyenye mito, na mbao za kujengea jukwaa. Vijana wa kukodiwa wakapaka fito za Nthiga rangi nyeupe. Nthiga alisimama kando na jirani yake Ciakuthii, mama wa makamo aliyeuza chai kwenye kibanda juu ya njia.

"Mbao za hilo jukwaa," Nthiga alisema, "mimi ningetoa madaraja mawili. Na zingine zibaki."

"Kwani wanafungua nini?" Ciakuthii akamuuliza Mutembei. "Hili tumelivuka miaka sita. Lilikuwa limefungwa?"

 Mutembei alimwomba mama yule kikombe cha chai.

Hata hivyo, alijaribu. Alimwendea Chifu Gitari, akamweleza sheria ya watu wanne. Chifu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye jasho jingi siku ile. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akamvuta Mutembei kando ya hema.

"Wewe ndiwe utamwambia Mheshimiwa ahesabu watu?"

"Mimi ni karani tu."

"Na mimi ni chifu tu," akasema Gitari, akarudi kwenye viti vyake.

Jumamosi watoto wa shule walipangwa juani tangu saa tatu. Mheshimiwa alitarajiwa saa nne. Alifika saa nane na nusu, magari kumi na moja, vumbi likafunika miti ya kahawa mpaka ikawa kahawia. Wamama waliimba, naye akacheza nao kidogo, akicheka, na ilionekana wazi kwamba anawapenda na anapenda kupendwa nao. Alihutubu kwa muda mrefu. Alisema serikali imesikia kilio cha watu wa Gacugu. Alisema kuanzia leo mama hatateleza tena mtoni na mzigo wake. Watu wakapiga makofi, maana jambo lenyewe lilikuwa la kweli, ila wakitazamana. Mutembei alimtafuta Nthiga kwa macho. Alikuwa amemwekea kiti mstari wa pili, lakini kiti kilikuwa kimekaliwa na mtu wa ulinzi, na mzee alikuwa amechuchumaa ukingoni mwa mto, karibu na kichwa cha gogo, kiganja kimewekwa juu ya mti.

Utepe ulikatwa. Mheshimiwa akapiga hatua darajani, mkasi bado mkononi. Nyuma yake akaingia mkuu wa tarafa, kisha Bwana Njoka, kisha madiwani.

"Wanne!" Nthiga alisema kwa sauti. "Bwana karani, wanne wametosha!"

"Jamani, wanne tu!" Mutembei naye akapaza sauti, lakini bendi ilikuwa imeanza kupiga.

Mpiga picha alikuwa akirudi kinyumenyume mbele yao, akiwapungia mkono. "Songeni, songeni pamoja, wengine hawaonekani!" Nao wakasongamana. Wakaingia vijana wa chama, wakaingia wazee wenye kofia za ngozi, wakaingia na wale waliotaka tu kuonekana gazetini. Mutembei aliwahesabu mpaka ishirini na saba, akapoteza hesabu.

Gogo la upande wa juu ndilo lililolia kwanza. Halikukatika mara moja. Lilitoa mlio mrefu kama mlango mzito unaofunguliwa, watu wote wakanyamaza kuusikiliza, hata bendi, kisha daraja likaenda na watu wake.

Hakufa mtu. Maji ya Gacugu si mengi mwezi wa kumi, yanafika kifuani, ila tope lake linashika. Nthiga ndiye aliyekuwa wa kwanza kujitupa, Mutembei akamfuata na viatu vyake vya ofisini. Walimkuta Mheshimiwa amesimama wima ndani ya maji, ameuinua mkono wenye mkasi juu, asiloweshe mkasi. Macho yake yalikuwa ya mtoto aliyeamshwa usingizini.

"Ni nini hiki?" akamuuliza Nthiga. "Mzee, ni nini kimefanyika?"

"Daraja limevunjika, Mheshimiwa. Nipe mkono."

"Lakini nimelifungua sasa hivi."

"Ndiyo. Nipe mkono."

Mpiga picha alitolewa na mkono uliovunjika. Bwana Njoka alitoka bila kiatu kimoja. Ng'ambo zote mbili watu walisimama wasijue kama ni halali kucheka au kulia, na mwalimu wa kwaya, asijue pia, akainua fimbo yake, watoto wakaimba wimbo wa kushukuru kama ratiba ilivyosema. Mheshimiwa, maji yakimchuruzika, alipewa kipaza sauti. Akakitazama. "Serikali," akasema. Akapangusa tope kidevuni. "Serikali inaendelea na kazi." Akaingia garini. Mshereheshaji akatangaza kwamba sasa ni wakati wa chakula, na kwa kuwa mbuzi walikuwa wameshaiva, watu walikula.

Jumatatu redio ilisema daraja la Gacugu limefunguliwa rasmi na maelfu ya wananchi wamefurahi. Mutembei aliisikia akiwa anakunywa uji. Alimtazama mkewe, Kiende. "Mimi nilikuwa huko," akasema. "Nililoa."

"Nilifua hizo nguo mimi," Kiende akajibu. "Labda wanasema la mahali pengine."

Jumanne alirudi Karurumo kuchukua mikebe ya rangi. Alikuta mabishano ukingoni. Nthiga na wanaume sita walikuwa wamevuta gogo jipya mpaka mtoni, na wamama walikuwa wamekaa juu ya magunia ya kahawa, kahawa ikianza kuchacha, kwa sababu njia ya kuzunguka ilikuwa ya saa mbili. Lakini Chifu Gitari alikuwa amesimama mbele ya gogo.

"Siwezi kuruhusu," alikuwa akisema. "Hiyo ni mali ya serikali. Imefunguliwa. Mtu haguzi mali ya serikali bila barua."

"Mali gani, Chifu?" Ciakuthii aliuliza. "Nionyeshe kwa kidole."

Chifu aliinua kidole, kikaelekea mahali palipokuwa na hewa na maji. Akakishusha. "Naleta amri," akasema kwa sauti ndogo. "Si yangu."

Mutembei alirudi mjini jioni ile ile kuomba barua. Bwana Njoka alimsikiliza akiwa amefumba macho.

"Daraja limefunguliwa Jumamosi. Leo Jumanne unataka niandike kwamba linahitaji kujengwa? Nani atatia sahihi hiyo?"

"Lakini bwana, halipo. Ulikuwa ndani ya maji pamoja nasi."

"Faili iko. Imefungwa. Daraja la chuma halivunjiki." Alifumbua macho, na Mutembei akaona hofu ndani yake. "Nenda nyumbani, Mutembei. Una watoto."

Hakwenda nyumbani. Alibaki mezani pake mbele ya mashine ya kupiga chapa, huku wenzake wakitoka mmoja mmoja. Hakujua kama anachotaka kufanya ni wizi, au uongo, au kazi yake. Aliandika kwenye karatasi yenye nembo kwamba wananchi wa Gacugu wanaruhusiwa kulisafisha daraja lao na kuondoa takataka zote za miti, na kuliacha katika hali nzuri. Akatia sahihi jina lake mwenyewe, kwa ule mwandiko mzuri.

Asubuhi Chifu aliisoma mara mbili. "Kusafisha," akasema. Akautazama mto, akayatazama magunia, akamtazama Nthiga aliyekuwa amekalia gogo lake. Akatoa muhuri mfukoni, akaupulizia pumzi, akagonga. "Basi safisheni," akasema, akaondoka bila kugeuka nyuma.

Walisafisha siku tano. Jumapili, baada ya ibada, Mutembei alikuja na suruali kuukuu, wakampa upande wa chini wa gogo la pili, penye tope. Katikati ya kazi Nthiga alisimama kupumzisha mgongo.

"Kijana, mtu akiuliza, hili sasa ni la nani?"

Mutembei alifikiri kwa bidii. Kama ni la Nthiga, Chifu angelizuia kwa nini? Kama ni la serikali, mbona misumari imetoka kanisani tena?

"Sijui, mzee. Nisikudanganye."

"Hata mimi. Inua hapo."

Baada ya wiki tatu ilikuja barua ya kumtaka aeleze kwa nini aliwaruhusu raia kuvuruga daraja lililokuwa katika hali njema. Alijibu kwa mistari miwili, kwamba aliwaruhusu na hajuti. Hakufutwa, jambo ambalo pia hakulielewa. Alihamishiwa Gachoka, kwenye ghala la makoleo na mikokoteni, mahali pakavu ambapo hakuna aliyekuja kufungua chochote.

Huko ndiko Ciakuthii alikomkuta mwaka uliofuata, alipokuja sokoni kununua ndengu. Walisalimiana kama ndugu. Alimwambia kahawa inavuka, na mke wa Nthiga amevushwa mara mbili kwenda zahanati, amebebwa kitini.

"Mzee anakusalimia. Anauliza kama bado uko serikalini."

Mutembei alilitazama ghala, makoleo mapya mia mbili yaliyofungwa kwa waya tangu alipofika, ambayo hakuna mtu aliyewahi kuyaomba.

"Mwambie naamka, nafungua mlango, jioni naufunga," akasema. "Yeye ataamua."

Ciakuthii alicheka, akafunga ndengu zake kwa leso, akamwuliza kama Kiende anapenda ndizi za kupika.

"Anapenda."

"Basi wiki ijayo nitakuletea," akasema, akashika njia ya kurudi sokoni.